Mlango wa Sentimita Themanini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa gauni jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma ya ufundi wa ujenzi ndani ya bahasha, na nilidhani labo (maabara) ya ujenzi inafanana na ile ya hospitali. Kumbe lilikuwa banda refu la mabati, nyuma ya karakana, upande wa kwenda Shituru, hapa Likasi, limejaa mchanga, ndoo na vumbi la saruji. Wanaume waliokuwa wakipepeta kokoto walinitazama, wakatazama gauni, wakaendelea kupepeta.

Shefu wa Labo alikuwa mzee mfupi, nyusi zake zimeshika vumbi lisilotoka hata Jumapili kanisani. Hakucheka. Alinipa ovaroli ya kijivu iliyonizidi mikono na miguu, akaniambia nimfuate kwenye shantie, yaani pale panapojengwa. Siku hiyo walikuwa wanamwaga msingi wa jengo la ofisi. Akaniwekea chini koni ya chuma, wazi juu na chini, na fimbo ya chuma. Akanionyesha: unajaza beto (ndivyo tunavyoita zege huku kwetu) kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo mara ishirini na tano, halafu unainua koni polepole na kupima ile beto imeshuka kiasi gani. Ikishuka sana, maji yamezidi, na ikikauka itakuwa dhaifu.

Yangu ilishuka kama uji. Msimamizi wa shantie akaja upesi, akaniita mwanangu, akaniomba niandike namba ndogo kidogo, kwa sababu watu walikuwa wamechoka na beto nyingine hakuna. Nikamtazama Shefu wa Labo. Yeye alikuwa anafuta fimbo kwa kitambaa, wala hakuinua macho.

"Andika kile umeona," akasema. "Kile beko banataka, bataandika beye benyewe." Yaani wanachotaka wao, wataandika wao wenyewe.

Niliandika. Beto ile ikamwagwa pembeni, na vibarua zaidi ya kumi wakaanza upya kuchanganya kwa sababu ya namba iliyoandikwa na msichana mwenye ovaroli iliyomzidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari ambayo sikuweza kuieleza. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani, aliniuliza kazi ni nini hasa. Nikamjibu kwamba kazi yangu ni kusema kweli kwa namba. Kwa miaka mingi niliamini kwamba jibu hilo limekamilika.

Nilikaa labo miaka tisa. Tulichukua beto ya kila kazi, tukaijaza kwenye vikopo vya chuma, tukaitunza ndani ya maji, na siku ya saba na ya ishirini na nane tukaivunja kwa mashine ili kuona inabeba uzito gani. Nilijifunza kutambua kwa mlio tu kama kipande kitapita au hakitapita. Kizuri hukaa kimya muda mrefu, kisha kinapasuka mara moja. Kibaya huanza kulalamika mapema.

Baadaye nikatumwa Mwadingusha, tulikojenga nyumba za wafanyakazi na barabara ndogo ya kuzifikia. Msimamizi Mkuu wa Kazi huko alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyependa kula bukari yake, yaani ugali, peke yake akiutazama mto Lufira. Ndiye aliyenifundisha kuandika plani ya ubora. Ni karatasi inayosema kila kazi itakaguliwa na nani, lini, kwa chombo gani, na ni wapi lazima watu wasimame mpaka mkaguzi atie sahihi. Bila sahihi hiyo hakuna anayemwaga beto wala kufunika bomba.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuanza kazi yoyote aliandika majina ya wote wanaoingojea: anayelipa, anayejenga, anayetoa kibali, na atakayeitumia. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua na hao wa mwisho, maana mkataba hauwataji. Akanieleza kwamba hao ndio watakaobaki na kitu kile sisi tukishaondoka, na ndio ambao hawaitwi mkutanoni. Na wakiitwa, wanasema maneno ambayo sisi hatuna mahali pa kuyaweka kwenye karatasi zetu. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Niliporudi Likasi nilipewa cheo cha Mkuu wa Ubora katika mradi wa kujenga maternité, nyumba ya kuzalia, katika mtaa mmoja usio mbali na njia ya reli. Kampuni iliyojenga haipo tena, na jina lake nitaliacha. Mkurugenzi wa Mradi alikuwa injinia mrefu sana, msafi wa mavazi, aliyeweza kukumbuka vipimo vya jengo zima bila kufungua plani, yaani ramani yake. Wafadhili waliwakilishwa na mama mmoja kutoka Lubumbashi, tuliyemwita Madame. Kapita, yaani msimamizi wa mafundi, alikuwa Papa Mwamba, ambaye mikono yake ilijua matofali kuliko vitabu vyangu vyote.

Katika mkutano wa kwanza kila mmoja aliulizwa anatarajia nini. Mimi ndiye niliyeandika. Madame alitaka kazi imalizike kwa wakati na karatasi zote ziwe safi. Mkuu wa mtaa alitaka vijana wa pale wapewe vibarua. Mwishowe akasimama mkunga mkuu, Mama Justine, mwanamke mnene wa makamo, buluzi yake nyeupe imefungwa mpaka kooni. Hakusema mengi.

"Minye nataka fasi ya kupita," alisema. "Mama mwenye iko na buchungu hatembeake. Tunamubeba. Mutuachie fasi ya kupita naye."

Watu wakaitikia. Nami nikaandika kwenye kaye yangu, yaani daftari: "Njia ya ndani, upana wa kutosha." Mchoraji wa plani akasoma maneno yangu, akachora korido ya mita moja na sentimita arobaini, na mlango wa chumba cha kuzalia, ubavuni mwa korido, wa sentimita themanini. Hakuna aliyerudi kumuuliza Mama Justine. Yeye mwenyewe alionyeshwa plani ile, akaitazama kwa heshima, akasema ni nzuri. Siku hizi najua kwamba kumwonyesha mtu plani ambayo hakufundishwa kuisoma, halafu kumwomba aikubali, si kumuuliza.

Jengo lilisimama zuri. Nasema hivyo hata leo. Beto yote ilipita. Marumaru za sakafu hazikuteleza. Nilimwaga maji mwenyewe na kuyaona yakikimbilia kwenye tundu lake bila kusimama popote. Nilipima korido mahali kumi na pawili. Nilipima mlango: themanini, kama plani. Siku ya kukabidhi nikatia sahihi karatasi ya mapokezi ya muda. Kwa wale wasiojua, jengo hupokelewa mara mbili: kwanza kwa muda, watu wanaanza kulitumia, mwaka ukipita bila kasoro, linapokelewa kabisa na mjenzi anaachiliwa. Katikati ya hizo mbili, mjenzi bado anawajibika. Kumbukeni jambo hilo, maana bila hilo nisingekuwa na la kusimulia.

Miezi minne baadaye nilienda kutazama kama kuna nyufa. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuta mwanamke kijana analetwa kutoka langoni juu ya machela ya magurudumu, brankari kama tunavyosema, anauma kanga yake ili asipige kelele. Nikasogea ukutani kuwapisha. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha kuzalia wakasimama. Machela ile ilikuwa ndefu mita mbili, na haikuweza kukata kona kuingia mlangoni. Bila neno, kama watu waliokwisha kuzoea, wakatandaza kikwembe, yaani kitenge, chini ya mgonjwa, wakashika ncha zake. Walikuwa watatu, wakunga wawili na Mama Justine. Mama Justine akanitazama.

"Mama Odile, shika hapa."

Niliweka kaye yangu chini, nikashika ncha ya nne. Tukamwinua. Mpaka leo nakumbuka uzito ule: ulihama, ukarudi, ukahama tena, kwa sababu aliyekuwa ndani alikuwa anajikunja kwa uchungu. Mlango haukutosha wawili kupita sambamba na mzigo katikati, kwa hiyo wa mbele walitembea kinyumenyume, na sisi wa nyuma tukaingia ubavu. Vidole vyangu vilichubuka kwenye fremu ya mlango ambao nilikuwa nimeupima mwenyewe. Tulimfikisha kitandani. Akajifungua mtoto wa kike muda mfupi baadaye, salama, nami nilisikia kilio chake nikiwa nimekaa koridoni.

Mama Justine alipotoka alinawa mikono, akakaa karibu nami. Hakunilaumu. Alinieleza kwamba wanafanya hivyo kwa kila mama anayeletwa hawezi kutembea. Mwezi uliopita kikwembe kilichanika, mama mmoja akaangukia bega. Yeye na mtoto walipona, lakini tangu siku hiyo wengine mtaani wanasema afadhali kuzalia nyumbani.

"Kwa nini hamukuandika barua?" nikamuuliza.

"Nilisemaka ku réunion," akanijibu, maana yake ule mkutano wetu wa kwanza. "Weye ulikuwa unaandika."

Nilirudi nyumbani, nikafungua kaye ya mradi, nikatafuta ukurasa ule. Neno lilikuwepo, kwa mwandiko wangu mzuri: "wa kutosha". Kutosha kwa nini? Kutosha kwa nani, akiwa amebebwa na watu wangapi? Sikuuliza. Nilikuwa nimechukua maneno ya mwanamke aliyekuwa anaona wagonjwa wake mbele ya macho, nikayageuza kuwa maneno yanayofaa kwenye karatasi, kisha nikapima kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mume wangu aliniona nimekaa na kaye mapajani, chai imepoa, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkurugenzi wa Mradi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawafanyi, na kwa hilo namheshimu. Halafu akaniambia kwamba mkataba umetimizwa. Kuvunja ukuta ni kukubali kosa, na kosa halipo, maana kila kitu kinalingana na plani.

"Mlango ni themanini ku plani, na ku shantie ni themanini," alisema. "Unataka niambie Madame nini? Kwamba tulijenga vizuri kitu kibaya?"

"Ndiyo, Shefu. Vile vile."

Akanikumbusha, bila hasira, kwamba sahihi iliyo chini ya karatasi ya mapokezi ni yangu. Mtu akitafutwa, nitakuwa mimi. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba mapokezi ya mwisho sitayatia sahihi mpaka machela iingie.

Nilikaa siku mbili nikiandika ripoti ya kasoro. Fomu yenyewe ina mistari: kasoro ni nini, imeonekana wapi, sababu yake ni nini. Kwenye mstari wa sababu, vijana, hapo ndipo watu huandika majina ya wengine, au huandika maneno yasiyo na mwenyewe, kama vile "mawasiliano hayakuwa mazuri". Nilianza hivyo. Nilimwandika mchoraji, nikamfuta. Mwishowe niliandika kwamba Mkuu wa Ubora alipokea ombi la mkunga, akaliandika vibaya, na hakurudi kuhakikisha kama ameelewa. Nikaweka jina langu. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliogopa sana, nilikuwa na watoto watatu shuleni, na cheo kile nilikisubiri miaka.

Wiki iliyofuata Madame alifika kutoka Lubumbashi. Tulikuwa watano koridoni: yeye, Mkurugenzi, Papa Mwamba, Mama Justine na mimi. Mkurugenzi alifungua plani, akaanza kueleza vipimo, na Madame akawa anafuata kwa kidole, akiitikia kwa kichwa. Kwenye karatasi kila kitu kilionekana sawa. Nilitaka kusema, lakini kila nilichotaka kusema kilikuwa namba, na namba zilikuwa upande wa Mkurugenzi. Ndipo Mama Justine akaenda mwisho wa korido, akaisukuma machela mpaka mbele yetu, akapangusa shuka kwa kiganja.

"Ingénieur, tafazali," akasema kwa adabu. "Ulale hapa kidogo."

Nilidhani Mkurugenzi atakataa. Alimtazama Madame, akatazama viatu vyake vilivyong'aa, akapanda, akalala chali, miguu imepita mwisho wa machela. Wakunga wawili wakatoka chumbani, wakamsukuma. Mlangoni wakakata kona, machela ikagonga fremu. Wakarudi nyuma, wakajaribu upande mwingine, ikagonga tena na kukwama, kichwa chake chumbani, miguu koridoni. Hakuna aliyecheka, hata Papa Mwamba, ambaye kwa kawaida hucheka upesi. Mkurugenzi alikuwa anatazama dari.

"Na mama akiwa hapa munafanya namna gani?" akauliza akiwa bado amelala.

Mama Justine akamweleza habari ya kikwembe, na habari ya bega.

Mkurugenzi akashuka. Alinyoosha koti lake, akamwambia Papa Mwamba alete futi na chaki. Mengine yote, yaani barua, ruhusa, mabishano juu ya nani atabeba kazi ile, yalifuata baadaye na yalichukua wiki nyingi. Lakini jambo lenyewe liliamuliwa pale, katika muda ambao mtu mrefu alikuwa amekwama mlangoni.

Wakati wa matengenezo wakunga walizalisha katika chumba cha pembeni. Papa Mwamba alinung'unika siku ya kwanza, kwa sababu ni yeye aliyeujenga ukuta ule na ulikuwa umenyooka. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa katika plani yangu yoyote. Kabla ya kuvunja alichora mlango mpya kwa chaki sakafuni na ukutani, akamwita Mama Justine na machela yake, na mtu juu yake, na wabebaji pembeni, akawaambia wapite kana kwamba ukuta haupo. Walipovuka chaki alifuta na kuchora tena. Mara tatu. Mlango ukawa mita moja na sentimita ishirini, wa mabawa mawili, umesogezwa kidogo kutoka pale ulipokuwa. Beto ya linta, ule mhimili wa juu ya mlango, niliipima kama nilivyofundishwa, na siku ya ishirini na nane kipande chake kilikaa kimya muda mrefu kabla ya kupasuka.

Barua ya wafadhili ilisema kwamba idara ya ubora ilikuwa na upungufu. Ilikuwa kweli, nami ndiye niliyewapa ushahidi. Niliondolewa cheo, nikarudishwa labo, chini ya shefu kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika koni. Alinionea haya, akawa ananiita "Mama Shefu", na hilo liliniumiza zaidi. Kwa miaka miwili nilivunja vipande vya beto na kuandika namba. Kuna asubuhi nilijuta. Nilijiambia kwamba kama ningenyamaza, mlango ungebaki na cheo kingebaki. Kisha nakumbuka ule uzito uliokuwa unahama ndani ya kikwembe, na majuto yananyamaza, ingawa si kila mara.

Mkurugenzi hakuniomba radhi, wala sikutarajia aniombe. Lakini alipopewa mradi wa shule aliagiza niitwe. Nilipofika ofisini kwake alinisukumia plani ya ubora aliyoiandika kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kipimo hata kimoja. Ulikuwa na orodha ya watu: mwalimu wa darasa la kwanza, mama anayepika, mlinzi, mtoto anayetembelea magongo. Mbele ya kila jina palikuwa na sehemu tupu, na juu yake ameandika: "Aonyeshe." Alikuwa amelifuta neno "aseme". Tulifanya kazi pamoja mpaka nilipofikia umri wa kustaafu, na kwenye kila shantie tulitembea na watakaolitumia jengo juu ya michoro ya chaki kabla ya kumwaga chochote. Zilikuwa asubuhi ndefu. Mafundi walilalamika kwamba tunapoteza muda, na mara nyingine walikuwa na haki, maana tulirudia hata mambo yaliyokuwa wazi.

Sasa niko nyumbani. Magoti yangu hayapendi mvua, na vijana wa vyuo wanakuja kuniuliza mambo. Wana maneno mapya kuliko yetu, wana fomu kwenye simu, wana maswali ya kumuuliza mteja ameridhika kwa alama ngapi kati ya tano. Siyadharau. Ninawaambia tu kwamba Mama Justine angewapa tano, kwa adabu, siku ile tulipomwonyesha plani.

Juzi parokia yetu iliniomba nitazame ngazi mpya za ukumbi kabla hazijafungwa kwa saruji ya mwisho. Injinia kijana alikuwa amekwisha kuzipima; alinionyesha karatasi yake, safi, kila kidato sawa na chenzake. Nikamsifu, kwa sababu alistahili. Halafu nikatuma watu wamwite Papa Fidèle, fundi wa reli aliyestaafu kabla yangu, ambaye hutembea kwa fimbo na haonekani misa ya pili tangu mkewe afariki. Nikamwomba apande mbele yetu, polepole, kama anakwenda kusali. Injinia akauliza tunangoja nini. Nikamwambia atulie atazame.

Papa Fidèle alipanda vidato vinne. Kwenye cha tano alisimama, mkono wake wa kushoto ukatafuta ukuta, na ukuta haukuwepo. Nikamwomba abaki pale pale, nikainama, nikachora kwa chaki, kwenye kidato hicho, alama ya mahali pa kusimamisha kishikio.